Lumeni za kwenye boksi

Makala nzuri, ila kwenye tochi za kichwani umepita mbio. Yangu ya kwanza niliinunua Kitale kwa shilingi mia nne, boksi likijigamba lumeni elfu kadhaa. Tulipoamka saa tisa usiku kuelekea kilele cha Koitoboss, Mlima Elgon (mita 4,222, si mchezo), ilififia kabla hatujaiacha kambi. Baridi ya Elgon inanyonya betri jamani! Siku hizi nalala nayo ndani ya mfuko wa kulalia, na tarakimu za boksi sizisomi tena. Lumeni 200 za kweli zinatosha kabisa.

Wenzangu wa Bungoma mnaopandia upande wa Kimilili, tafuteni inayotumia betri ndogo za kawaida, zile za rimoti, ambazo hata kiosk cha Kapsokwony kinaweza kuwa nazo. Ya kuchaji kwa USB ni tamu mjini; juu kule soketi utaitoa wapi? Swichi nayo iwe ngumu kidogo, isijiwashe yenyewe ndani ya begi.

Mnaopenda mapango, bebeni mbili. Pale pango la Kitum, hukohuko Elgon, tembo huingia gizani kutafuta chumvi bila tochi yoyote, lakini sisi si tembo.