Wapeni Swali, Si Fotokopi

Mwandishi anayedai kwamba kampuni za ukaguzi wa hesabu, ushauri na programu za kompyuta hujifunza kwa wateja tu, na kwamba chuo kinazipotezea muda, amekosea. Mteja hufundisha, sikatai. Lakini huleta tatizo la leo na kutaka jibu kesho.

Wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Oslo, walihangaika kwa miaka na takwimu za zahanati, wakakosea, wakarekebisha, hadi mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2 ukaenea Tanzania Bara mwaka 2013. Kampuni ipi ingelipiwa subira hiyo?

Hapa Kivukoni, Dar es Salaam, Mtaa wa Shaaban Robert, kipo Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa 1972, jirani kabisa na Benki Kuu. Wanafunzi wanaokuja maofisini kwetu kwa mafunzo ya vitendo tunawatuma fotokopi! Wangepewa swali la kweli, na maswali hayo hayako mbali. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Washauri wa kodi na wahadhiri walipaswa kuwa wameshapita duka kwa duka, wakipima mzigo huo wa kodi. Wanafunzi wa mwaka huu waanzie na swali hilo.