Kiyoyozi cha viti vitupu

Wadau, leo nimekereka. Mgahawa wetu hapa chuo umepandisha chipsi mayai kwa shilingi 500, eti umeme. Umeme upi jamani? Tangu korona ya 2020 watu wamezoea kufungiwa. Tunaagiza kwa simu, tunakula hosteli. Saa saba mchana unakuta watu wanne ukumbini na AC zote ziko nyuzi 16, utadhani wanahifadhi samaki.

AC haijui kuhesabu vichwa. Mtu aliyekaa anatoa joto la kama wati 100 tu. Joto kubwa la Dar linatoka kwenye bati, kuta na ule mlango ambao sisi na bodaboda tunaufungua kila dakika kufuata mifuko. Halafu feni ya jikoni inayovuta moshi inavuta na ubaridi, hewa ya moto inaingia kuziba pengo.

Si wafungue dirisha la kuchukulia chakula kwa nje? Wafunge nusu ya ukumbi, AC iwe 25. Nilimwambia dada wa kaunta, akacheka: "Kaka, rimoti anayo bosi."

Basi bosi alipe yeye hiyo 500. Bumu langu halipozi viti.