Laptopu yangu haijazeeka, imesusiwa

Laptopu yangu ina miaka kumi na moja. Mwaka jana ilianza kuniletea ujumbe kwamba mfumo endeshi mpya hauikubali, ninunue nyingine. Kwa mwenye steshenari ya kuchapa barua na CV, laptopu mpya ni kodi ya fremu ya miezi kadhaa.

Mpwa wangu akaja na flashi, akaniwekea Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Jioni ile ile nikachapa mkataba wa upangaji kwa LibreOffice, programu ya ofisi, bila kulipa hata shilingi. Ukweli usemwe: printa ilinisumbua siku mbili, na majedwali mengine ya wateja hufunguka yamepinda. Lakini virusi vya flashi za wanafunzi, vilivyokuwa vikificha mafaili, havinibabaishi tena.

Kinachoniuma ni kwamba njia hii ya programu huria tulishaianza. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Shule zinazopokea kompyuta kuukuu za msaada zianzie kwenye programu huria. Jembe likilima bado, usilitupe kwa kuwa mhunzi amelichoka.