Mashine Bila Mlinzi wa Pumzi



Katika mkutano wa tawi tulisikia wenzetu wakisema kwamba serikali ikileta mashine za mionzi katika kila kaunti, taabu ya saratani itakwisha. Sisi wa reli tunaokaa Malakisi hatukubali. Jirani zetu wa Uganda waliijua shida ya kukosa mashine mwaka 2016, ile ya Mulago ilipokufa, nao wakangoja mpaka Januari 2018 kupata nyingine. Hilo ni kweli. Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi.

Saratani ya kinywa hukaa njiani mwa pumzi. Tumbaku, ambayo imelimwa hapa kwetu miaka mingi, pamoja na pombe, huileta sana. Mgonjwa wa mionzi hulazwa chali, uso umefunikwa kifuniko kigumu cha plastiki kilichofungwa mezani ili kichwa kisitikisike, kisha wahudumu wote hutoka chumbani wakamtazama kwa kamera. Mtu mzima kwa kawaida hapewi dawa ya usingizi. Hurudi siku 5 kila juma, majuma 6 au 7. Sasa, ikiwa ulimi umevimba, kulala hivyo ni hatari, na mionzi yaweza kuzidisha uvimbe kabla haijaupunguza. Wengine hutobolewa shingo kwanza, wapumue kwa mrija. Wengine huingizwa sindano za mionzi ndani ya ulimi wenyewe, na hao hulazwa usingizi. Lakini taya limekaza, mdomo haufunguki! Hapo daktari wa usingizi huupitisha mrija puani, mgonjwa akiwa macho, na kazi hiyo si ya mtu aliyejifunza jana.

Zamani treni haikuondoka kituoni mpaka gadi apeperushe bendera ya kijani, na hakuna aliyesema gadi ni gharama bure.

Basi chama kikipeleka maombi yake juu ya saratani, kitaje watu hawa kwa kazi yao: daktari wa usingizi, na muuguzi wa kusafisha mrija usiku na mchana. Kitaje pia malazi ya majuma 7, maana kutoka hapa mpaka Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, ni karibu kilomita 400, na mgonjwa hawezi kwenda na kurudi kila siku.

Na mwanachama mwenye kidonda cha kinywa kilichopita majuma 2 bila kupona, asingoje majibu ya maombi hayo. Aende Bungoma akaangaliwe.