Raia wa Daraja la Pili?

Neno "daraja" lina maana mbili: kiungo cha kuvukia mto, na cheo. Huko Arua na Koboko maana hizo zimekutana.

Daraja la Karuma, juu ya Mto Naili, lilijengwa mwaka 1963 kwa malori ya zama zile. Hadi leo hubeba mizigo ya West Nile, na hata iendayo Sudan Kusini na Kongo. Tarehe 23 Septemba 2024 lilifungwa kwa ukarabati wa miezi mitatu. Wasafiri wa Arua wakazungushwa kupitia Masindi na Paraa, katikati ya mbuga ya wanyama.

Wapo wasemao ukarabati umetosha. Haujatosha! Kiraka hurefusha maisha ya nguo, hakiifanyi mpya. Jinja, penye daraja la mwaka 1954, serikali ilijenga jingine, likafunguliwa mwaka 2018 kabla la zamani halijaanguka. Kwa nini Karuma ingoje?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi ewe mwananchi, muulize mbunge wako: daraja jipya la Karuma litajengwa lini? Asipojibu, utajua umewekwa daraja gani.