Ofisini Tunaitana Familia, Lakini Mkataba Uko Wapi?



Kila frateri anayerudi kutoka mwaka wa uchungaji hurudi na hadithi zake. Mmoja anasimulia pikipiki iliyozama matopeni akienda kigangoni, mwingine harusi iliyosimama kwa sababu bwana harusi alisahau pete. Sisi wawili tunaoandika makala hii tulipangwa parokia moja, na hadithi yetu ni ya ofisini. Haichekeshi. Tunaiandika kwa sababu wenzetu wa mwaka wa chini wanakaribia kufunga mizigo yao, nasi hatukumbuki kama kuna mtu aliyetuonya juu ya jambo hili kabla hatujaondoka. Mama anayehusika tulimwomba ruhusa. Alikubali kwa sharti kwamba asome kwanza. Amesoma, na sentensi mbili alizozikataa tumezifuta. Mambo mengine tumeyageuza ili asitambulike.

Ilikuwa parokia kubwa, yenye katibu, mhasibu, mpishi, walinzi wawili, walimu wa chekechea na wauguzi wa zahanati. Siku ya kwanza Baba Paroko alitutambulisha kwa wote, akamaliza kwa kusema, "Hapa sisi ni familia." Tulipiga makofi. Neno hilo ni tamu, na padre yule alilisema kwa moyo mweupe. Leo tunaona kwamba ni neno la kusemwa kwa uangalifu. Familia haina saa ya kufunga. Mtoto hamdai baba yake mshahara wa mwezi uliopita, na mama mwenye nyumba haombi likizo kwa barua. Mfanyakazi akiambiwa yeye ni ndugu, siku anayotaka kuuliza habari ya malipo au ya kwenda nyumbani mapema huonekana kama mtu asiye na shukrani.

Basi mchana mmoja wa mvua, ofisi ikiwa haina watu, katibu alitueleza kwamba mumewe alikuwa ameondoka nyumbani. Alituambia pia mambo mengine ambayo hayahitaji kuandikwa. Tulisikiliza vizuri, tukasema maneno ya faraja, na tukisema kweli, tulitoka pale tukijiona wachungaji hodari. Wiki ile ile, wakati wa chakula cha usiku, Paroko alilalamika kwamba katibu amekosea tarehe kwenye vyeti vya ubatizo mara mbili mfululizo. Mmoja wetu (hatutasema ni nani, kwa sababu hata mwenzake angeweza kusema vilevile) akamtetea: "Baba, mvumilie tu, mama yule ana matatizo nyumbani, mumewe ameondoka."

Nia ilikuwa njema. Na Paroko naye, kwa nia njema, kesho yake alimwita, akampa pole, akamwahidi kuwatuma wazee wawili wa jumuiya wakamtafute mume. Kufika Jumapili, jumuiya nzima ilikuwa inajua. Mama yule hakutugombeza. Alikuja mlangoni, akasimama, akasema, "Frateri, mimi niliwaambia ninyi." Kisha akarudi kwenye meza yake.

Kwa siku kadhaa tulijitetea sisi kwa sisi. Tulisema ile haikuwa kitubio. Kweli, kanuni ya 983 ya Sheria za Kanisa inalinda siri ya kitubio, na sisi hatujawa hata mashemasi. Lakini ipo pia kanuni ya 220, ambayo wengi tunaipita haraka darasani: inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu, na inalinda haki ya kila mtu ya kutunza faragha yake. Hiyo haisubiri stola.

Tulipozidi kutafakari, tukagundua jambo lililotuumiza zaidi. Sisi wenyewe tumeishi miaka yote hii ndani ya ukuta mzuri. Kanuni ya 240 inakataza kumwomba baba wa kiroho au muungamishi maoni yake pale inapoamuliwa kama mseminari apewe daraja au aondoke seminarini. Gombera ana kazi yake, baba wa kiroho ana yake, na mlango kati yao umefungwa. Ndiyo maana tunaweza kumweleza baba wa kiroho hofu zetu bila kuhesabu kura za baraza la walezi. Sasa mtazame katibu wa parokia. Mtu anayesikia huzuni yake ndiye anayesaini malipo yake, ndiye anayempa au kumnyima ruhusa, na Jumapili ndiye anayempa Komunyo. Akikosana naye, amekosana na mwajiri, mshauri na mchungaji wake kwa siku moja. Ukuta tuliojengewa sisi, yeye hajajengewa na mtu.

Jambo hili lina upande wa pili, na huo hauzungumzwi sana. Jioni nyingi Paroko alikuwa akiketi ofisini baada ya kazi akimweleza katibu uchungu wake: halmashauri ya walei imemgeuka, mwenzake wa parokia jirani anamsema. Padre naye ni mtu, na upweke wa nyumba ya mapadre tunausikia tangu sasa. Lakini mama yule angeinuka vipi aende zake, wakati anayezungumza ndiye mwajiri? Alikuwa akikaa, akiitikia, basi la mwisho likipita. Siku nzima alikuwa amempokea mfiwa anayetafuta padre wa maziko, na mzazi aliyekasirika kwa kuwa msimamizi wa ubatizo aliyemchagua amekataliwa, na wote akawatabasamia. Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha mwaka 1983 alichunguza kazi ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kuzitawala hisia zako ili mteja atulie nayo ni kazi, tena inachosha kama nyingine. Hakuwa akifikiria parokia zetu, lakini angeweza kuandika sura moja kutoka pale kaunta.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilifafanua uchovu unaotokana na kazi kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi yenyewe, na ufanisi kushuka. Halikuuita ugonjwa, lilisema unahusu mazingira ya kazi, unatokana na msongo wa muda mrefu usioshughulikiwa. Hatusemi kwamba mama yule alikuwa na hali hiyo, sisi si madaktari. Tunasema tu kwamba pale mezani tarehe mbili zilizokosewa zilipotajwa, sote watatu tulikimbilia nyumbani kwake kutafuta sababu, na hakuna aliyeuliza anafanya kazi saa ngapi.

Tulikuja kuhesabu baadaye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, pamoja na pumziko la saa 24 mfululizo kila wiki, na inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Kanuni ya 1286 inawataka wasimamizi wa mali za Kanisa kufuata sheria za kazi za nchi na kulipa mshahara wa haki. Katibu wetu alikuwepo Jumapili kati ya Misa na Misa akiandika nia, na Jumatatu, siku aliyoambiwa ni yake, simu iliita kuanzia asubuhi. Kundi la WhatsApp la ofisi lilikuwa likipokea maagizo hadi saa nne usiku. Mkataba hatukuuona, naye alituambia hajawahi kuuona.

Mtu atauliza, mkataba unahusianaje na mambo ya moyo? Unahusiana sana. Asiyejua kazi yake inaishia wapi hawezi kusema "hapana" bila kuonekana mwasi. Kwa hiyo husema "ndiyo" kwa mdomo, na "hapana" yake hutokea mahali pengine, katika kuchelewa, katika kusahau, katika maneno ya jikoni.

Tunajua jibu la baadhi ya wenzetu, maana tumelisikia katika mijadala ya hapa hapa: mipaka ni mambo ya Wazungu, sisi Waafrika tunabebana mizigo. Kwa heshima yote, tunaona wamesahau nyumbani kwao. Ni mila gani yetu isiyokuwa na mipaka? Mtu anapiga hodi na kusubiri aambiwe karibu, hata mlango ukiwa wazi. Mkwe haongei na mama mkwe mambo yote. Mtani anaruhusiwa msibani kusema yale ambayo mtoto wa marehemu angesema angelaaniwa. Na kwa watu wa pwani, binti alikuwa na somo wake wa kumwambia yasiyosemeka kwa mama mzazi, si kwa sababu mama hakumpenda, bali kwa sababu mama alikuwa na mamlaka juu yake. Wazee walijua kwamba sikio na fimbo havikai vizuri mkononi mwa mtu mmoja. Sisi ndio tuliovichanganya, tukauita mchanganyiko huo udugu.

Tena parokia ile ile ilikuwa imeshajifunza somo hili kwenye fedha. Sadaka ya Jumapili haikuhesabiwa na mtu mmoja hata siku moja. Walikaa watu watatu, wakahesabu, wakaandika, wakasaini, na mhasibu hakuwahi kulalamika kwamba hawamwamini. Alikuwa akisema utaratibu huo ndio unaomwezesha kulala. Kumbe tunajua vizuri sana kuwekea noti za elfu kumi ulinzi. Maneno ya mtu tunayaacha mezani kando ya bakuli la mboga.

Kwa hiyo tunaomba kitu kimoja kwa walezi wetu, na tayari tumekwisha kukipeleka kwa mdomo: kabla ya kwenda parokiani, frateri afundishwe kusikiliza jambo zito nje ya kitubio. Afundishwe kuuliza, kabla hajainuka kwenye kiti, "Mama, jambo hili unataka niliweke wapi?" Afundishwe kumwelekeza mtu kwa sista au mshauri asiyehusika na malipo yake. Na afundishwe kwamba anapobanwa mezani anaweza kusema, "Baba, hilo ni lake mwenyewe," kisha akaomba apitishiwe chumvi. Kwa vijana tuliozoea kuitikia tu, huenda hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote.

Tulimwomba msamaha katibu. Alisema yamekwisha, na aliendelea kutusalimia kila asubuhi kwa upole ule ule, akitupa rejesta tunayohitaji na kugeukia kompyuta yake. Habari za nyumbani kwake hatukuzisikia tena. Siku ya kuondoka tulimrudishia funguo za ofisi. Alizihesabu mbele yetu moja moja, akaandika kwenye daftari, akatugeuzia ukurasa ili tusaini.