Jina Moja, Ngeli Mbili

Katika Java, lugha ya programu iliyotolewa mwaka 1995, klasi mbili zenye jina moja hazihesabiwi kuwa sawa programu inapoendeshwa iwapo zilipakiwa na vipakizi tofauti. Klasi hutambuliwa kwa jina pamoja na asili yake. Tahadhari hiyo yafaa kuazimwa na wanaisimu wa ngeli. Mwanafunzi wa Urambo akisema “katoto kale kamelala”, mwalimu anayemsahihisha kwa “kitoto kile kimelala” na kulaumu Kinyamwezi amelinganisha majina tu. Ni kweli Kinyamwezi kina ngeli ya 12, ka-, yenye wingi tu-. Lakini katika sentensi hii kiashiria na njeo ya -me- ni vya Kiswahili, na ka- imepatanishwa kwa kanuni zake. Tena ka- hiyo husikika hata Nairobi, wasikojua Kinyamwezi! Kiswahili kilifika Unyamwezi kwa misafara ya karne ya 19, na wapagazi Wanyamwezi walikitumia njiani. Bara si mgeni wake wa jana. Sarufi na iiorodheshe ka- kama ngeli ya Kiswahili cha mazungumzo. Mtahini anayo haki ya kuhukumu rejista, si kabila la mtahiniwa.